Kifungu Mkononi, Mpiga Kura Mlangoni



Mwezi Februari 1999 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili za ardhi, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5. Kifungu cha 3 cha ile ya kwanza kinatamka waziwazi kwamba haki ya mwanamke kupata ardhi, kuimiliki, kuitumia na kuitoa kwa mwingine ni sawa na ya mwanamume yeyote. Miaka ishirini baadaye, tarehe 23 Oktoba 2019, Mahakama ya Rufani ilitupilia mbali rufaa ya Serikali na kuthibitisha hukumu ya Mahakama Kuu ya Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative: vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya mzazi, na wa miaka 14 kwa idhini ya mahakama, vinavunja Katiba. Mahakama Kuu ilikuwa imeipa Serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Mwaka ule ukaisha rufaa ikisubiri, rufaa ikaamuliwa, ukaja uchaguzi mkuu wa 2020 ukapita nao, na umri wa miaka 15 ukabaki pale pale ulipoandikwa. Kwa nini dai la ardhi, lililogusa mali ya ukoo na kwa hiyo lililotarajiwa kupingwa kufa na kupona, lilipita bungeni, na dai la umri wa ndoa, lililokwenda na hukumu mbili za mahakama, likakwama mlangoni?

Jibu ninalolitetea leo ni hili. Wanaharakati wa ngazi ya chini hushinda bungeni wanapomfikishia mbunge vitu viwili kwa pamoja: kifungu kilichokwisha kuandikwa, na mpiga kura wa jimbo lake mwenyewe anayekidai kifungu hicho. Kilio kisicho na kifungu humpa mbunge nafasi ya kusikitika, kuahidi na kuondoka. Kifungu kisicho na mpiga kura nyuma yake hubaki hoja ya wataalamu, na hoja za wataalamu mbunge huzipokea kila wiki. Ninaposema wanaharakati wa ngazi ya chini ninamaanisha watu mnaowafahamu: wasaidizi wa kisheria wa kata, vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, vyama vya wafugaji, vituo vya taarifa na maarifa, na wale wanaojaza ukumbi wa TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, pale Mabibo katika semina za Jumatano. Hao ndio wanaojua sheria inamgusa nani, wapi na saa ngapi, na ujuzi huo ni mali kubwa ambayo mara nyingi tunaiacha nje ya ukumbi wa Bunge, tukipeleka ndani mabango peke yake.

Tuanze na ardhi, maana ndiko kwenye funzo zito. Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi na kumpa Profesa Issa Shivji uenyekiti. Tume ilizunguka nchi, ikawasikiliza wanavijiji waliochoshwa na uporaji wa maeneo yao, na pendekezo lake kubwa likawa kwamba ardhi ya kijiji iwe mali ya wanakijiji kupitia mkutano mkuu wa kijiji, isiwe tena chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi wote. Serikali ilikataa. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 ikaiacha ardhi yote mikononi mwa Rais, na rasimu ya sheria iliyofuata, iliyoandaliwa kwa mkono wa mtaalamu wa Uingereza Patrick McAuslan, ikajengwa juu ya msingi huo. Mwaka 1997 makundi mawili yakajipanga kuikabili rasimu hiyo. Moja lilikuwa jukwaa la asasi lililotoa Azimio la Uhai, likarudia dai la Tume kwamba mzizi wa miliki uhamishwe kutoka dola kwenda kijijini. La pili lilikuwa kikosi kazi cha jinsia na ardhi, kilichoratibiwa na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, pamoja na wenzao wa TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, na asasi nyingine za wanawake. Hili la pili liliingia ndani ya rasimu yenyewe, likasoma ibara kwa ibara, likauliza penye neno hili mwanamke yuko wapi, na likarudi na maneno mbadala.

Matokeo yanasomeka katika sheria. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu kupata na kutumia ardhi. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi kinasema kwamba ardhi iliyoandikwa kwa jina la mwanandoa mmoja, ikiwa mwenzake ametia nguvu zake katika kuilima, kuitunza na kuiendeleza, mwenzake huyo anahesabiwa kuwa na haki ndani yake kwa sababu ya jasho lake. Wazo hilo halikuzuka hewani: tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikuwa imekubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, akiwa Mwanza, aliamua katika shauri la Holaria Pastory kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo, huku ikimruhusu mwanamume, haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Wanaharakati walizichukua hukumu hizo na kuzigeuza kuwa lugha ya muswada. Hapo mahakama na Bunge vilifanya kazi kwa mfuatano ulio sahihi: jaji alifungua njia, mwanaharakati akaandika, mbunge akapitisha.

Lakini kifungu ninachokienzi kuliko vyote katika sheria zile hakina maneno makubwa hata kidogo. Ni kifungu cha 60 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kinachounda Baraza la Ardhi la Kijiji. Kinasema baraza litakuwa na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Kinaendelea kusema kwamba akidi ya kikao ni wajumbe wanne, na angalau wawili kati ya hao wawe wanawake. Tazameni jambo hilo linavyofanya kazi. Mjane ana mgogoro na shemeji zake juu ya shamba alilolima na marehemu mumewe. Shemeji wana jamaa katika baraza, na wangependa shauri lisikilizwe haraka, jioni moja, na wazee wanne wanaoelewana. Hawawezi. Bila wanawake wawili kuketi, hakuna kikao, na usuluhishi uliofanywa bila akidi si usuluhishi. Mjane huyu si lazima ajue kifungu cha 3 kinasema nini juu ya usawa. Hahitaji wakili wala nauli ya kwenda wilayani. Anachohitaji ni mtu mmoja katika kijiji, msaidizi wa kisheria aliyehudhuria mafunzo ya siku chache, atakayesimama na kuhesabu waliokaa kwenye viti. Yule aliyefikiria namba ya akidi alikuwa anajua vikao vya kijijini vinavyopangwa, nani huitwa na nani husahauliwa kuitwa. Ujuzi wa namna hiyo hautoki kwenye vitabu vya sheria za kimataifa.

Ninasisitiza hili kwa sababu tumezoea kupima ushindi kwa ukubwa wa tamko. Tunasherehekea ibara inayosema wote ni sawa, na tunapita haraka juu ya ibara inayosema nani atakuwepo, kwa idadi gani, ndani ya siku ngapi, na kitatokea nini asipokuwepo. Tamko hutumiwa na anayefika mahakamani. Akidi hutumiwa na asiyefika popote. Mwanaharakati wa kata akiulizwa ni ipi itamsaidia jirani yake, nina hakika jibu lake litatushangaza sisi tunaoandika makala.

Sasa turudi kwenye ndoa. Sheria ya 1971 ilikuwa ya kimaendeleo kwa wakati wake. Ilitanguliwa na waraka wa Serikali namba 1 wa 1969, ikaunganisha ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja, ikasema kwa kifungu cha 66 kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Umri wa miaka 15 kwa binti ulikuwa maridhiano ya wakati ule. Maridhiano hayo ndiyo Serikali iliyoyatetea mahakamani karibu nusu karne baadaye, ikisema kwamba tofauti ya umri inazingatia mila, dini na maumbile. Majaji hawakukubali, na hukumu zao ni za kujivunia. Tatizo lilianza baada ya hapo. Hukumu inapotolewa, jaji anakuwa amemaliza kazi yake. Haendi Dodoma kutafuta kura. Ibara ya 30(5) ya Katiba, inayoiwezesha mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha sheria mbovu badala ya kuifuta papo hapo, inarudisha jambo kwa watu walewale ambao hawakutaka kulibadilisha tangu mwanzo. Na walipoletewa, walisema maneno ambayo hayana mpinzani: tunahitaji kukusanya maoni zaidi ya wananchi na viongozi wa dini.

Ni nani angeweza kuwajibu? Mwanamke wa jimboni angeweza. Mbunge wa Shinyanga au wa Tabora anayesema wananchi wake hawako tayari anaweza kubishana na ripoti ya shirika lolote, ila hawezi kubishana na wenyeviti wa vikundi thelathini vya kata zake wanaomwandikia kwamba wako tayari tangu jana. Kampeni ya umri wa ndoa ilikuwa na mwanasheria hodari na ilisikika mpaka New York; mwaka 2018 Rebeca Gyumi alipewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, na aliistahili. Katika majimbo, hata hivyo, haikujengwa kwa uzito uleule. Sisemi hili kuwalaumu waliofungua shauri. Walifanya sehemu yao kwa ujasiri. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya wengi, na wengi tulidhani hukumu imetumalizia kazi.

Jirani zetu wa Kenya wanatupa ushahidi mzito zaidi wa jambo hilo. Katiba yao ya 2010 inaagiza kwamba si zaidi ya theluthi mbili ya wajumbe wa chombo chochote cha kuchaguliwa wawe wa jinsia moja. Mahakama ya Juu ilitoa maoni Desemba 2012 kwamba sheria ya kutekeleza agizo hilo iwe imepatikana kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Haikupatikana. Mahakama Kuu ikatoa amri mwaka 2017, haikufuatwa. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge, na Bunge halikuvunjwa. Picha iliyobaki akilini mwangu ni ya tarehe 27 Februari 2019: muswada wa kutekeleza kanuni hiyo ulihitaji wabunge 233 waketi ukumbini, na waliofika ni 174. Hawakuupigia kura ya hapana. Walikaa mbali tu. Mbunge anayepiga kura ya hapana anajua kuna mtu atamuuliza. Asiyefika kabisa ana hakika kwamba hakuna atakayemuuliza. Hukumu zilikuwepo, Katiba ilikuwepo, muswada ulikuwepo. Mtu wa kijijini aliyesimama kwenye mkutano wa hadhara na kumuuliza mheshimiwa tarehe 27 ulikuwa wapi, huyo ndiye aliyekosekana.

Upande wa pili wa hoja yangu, ule wa mpiga kura aliyepo na kifungu kilichokosekana, una mfano wa karibu sana. Kwa miaka kadhaa wanawake wa Tanzania, vikundi vya mashuleni na wabunge kama Upendo Peneza walidai kodi ya ongezeko la thamani (VAT) iondolewe kwenye taulo za kike. Bajeti ya 2018/19 ikaiondoa, kukawa na shangwe. Mwaka mmoja baadaye, katika bajeti ya 2019/20, Waziri wa Fedha Philip Mpango akairudisha, akieleza kwamba bei hazikushuka na waliofaidika ni wafanyabiashara. Hasira ilikuwa kubwa, na ilikuwa ya haki. Hata hivyo tulipaswa kuuliza kodi iliondolewa kwa namna gani. Bidhaa inaposamehewa VAT, mtengenezaji hatozi kodi kwa mnunuzi, lakini pia haruhusiwi kudai arudishiwe kodi aliyolipa kwenye pamba, vifungashio na umeme. Gharama hiyo anaimeza au anaipachika kwenye bei. Bidhaa inapotozwa kwa kiwango cha sifuri, anarudishiwa. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni mstari mmoja katika jedwali la sheria, na mstari huo ungeweza kuamua kama binti wa sekondari ya kata ataona bei ikishuka dukani. Tulidai kodi iondoke. Hatukudai iondoke kwa njia ipi, wala hatukuweka masharti ya kufuatilia bei madukani ili mwaka ukiisha tuwe na daftari letu la bei la kumwekea waziri mezani pamoja na lake.

Kuna wanaopinga mwelekeo huu wote, na pingamizi lao la kwanza ni zito. Wanasema kujishughulisha na vifungu ni kukubali nyumba ilivyojengwa na kugombea vyumba. Wakati wa mjadala wa ardhi, waliotaka mzizi wa miliki uhamie kijijini waliwaambia wenzao wa kikosi cha jinsia kwamba wanadai nusu ya kitu ambacho dola inaweza kukichukua chote. Miaka iliyofuata imewapa sababu za kusema hivyo: ardhi za vijiji zimehamishwa kwenda kwa wawekezaji na hifadhi, na mwanamke aliyepata hati ya kimila hupoteza shamba pamoja na mumewe wakati eneo zima linapobadilishwa matumizi. Ninakubali kwamba dai lao lilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Nisichokubali ni kwamba lingepatikana kwa kuachia mengine. Serikali ilikwisha kukataa mwaka 1995, na 1999 hapakuwa na nguvu majimboni ya kuilazimisha. Kama wanawake wale wangesubiri, sheria ingepita vilevile, mzizi ukiwa kwa Rais na baraza la kijiji likiwa la wanaume saba. Zaidi ya hapo, wanawake watatu wanaoketi katika baraza la ardhi leo ni watu wa kwanza wa kijiji kujua mgeni fulani anapimiwa eneo. Kifungu cha 60 kimeandaa wapiganaji wa vita vile vikubwa.

Pingamizi la pili husema hao wanaojiita wanaharakati ni wasomi wa mjini wanaoishi kwa fedha za wafadhili, na hawana kibali cha kumsemea mwanakijiji. Yapo mashirika yanayostahili maneno hayo. Mradi ukiisha, na ofisi ya kata inafungwa. Lakini dawa ya tatizo hilo ndiyo ninayoipendekeza. Shirika linalolazimika kumpelekea mbunge sauti za jimbo lake haliwezi kufanya kazi bila watu wa jimbo hilo, na litakutana na mabishano yao kabla ya kufika Dodoma. Lugha nayo ilikuwa kizuizi kikubwa hapa. Kwa miaka mingi miswada yetu iliandikwa kwa Kiingereza, na mwanamke aliyetakiwa kutoa maoni alisimuliwa yaliyomo na mtu aliyefika kwa gari. Mabadiliko ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama yameondoa kisingizio hicho. Muswada ukichapishwa katika Gazeti la Serikali, kikundi cha kata kinaweza kuusoma chenyewe, kupendekeza neno badala ya neno, na kumkabidhi mbunge wao kitu kinachofanana na jedwali la marekebisho, yaani karatasi ileile anayotakiwa kuiwasilisha kwa Katibu wa Bunge. Mbunge aliyepewa karatasi hiyo hana pa kusema nitalifanyia kazi. Kazi imekwisha kufanyika.

Wengine watauliza: mbunge wa chama kikubwa ana uhuru gani? Msimamo wa chama ukishatolewa, si kila kitu kimekwisha? Ukweli ni kwamba kura ya mwisho mara nyingi imeshaamuliwa. Lakini sheria haitungwi siku ya kura ya mwisho. Inatungwa kwenye kamati, wadau wanapoitwa kutoa maoni na mwandishi wa sheria wa Serikali ameketi na kalamu. Bunge lililopitisha sheria za ardhi lilikuwa na wabunge wengi mno wa chama tawala, na bado vifungu vya wanawake viliingia, kwa sababu viliingizwa kabla msimamo haujakauka. Adui wa kweli wa hatua hiyo ni hati ya dharura, inayoleta muswada na kuupitisha kabla wananchi hawajajua jina lake. Kila mwanaharakati, awe wa ardhi, wa watoto au wa walemavu, angepaswa kuifanya hati hiyo kuwa adui wake wa kudumu na kudai sababu zake kila inapotumika.

Kuhusu mila, mengi yamesemwa, nami nitasema machache. Mila za urithi zinazotajwa kama sauti ya mababu zilichapishwa na Serikali yenyewe mwaka 1963, katika Gazeti la Serikali, baada ya maofisa kuzikusanya na kuzipanga kwa namba. Wajane wawili waliozipinga katika Mahakama Kuu waliambiwa mwaka 2006 kwamba ni kweli zinabagua, lakini kuzifuta kwa hukumu kungefungua mlango wa vurugu, na kwamba mahali pa kuanzia kuzirekebisha ni halmashauri za wilaya. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua mwaka 2015 kwamba wajane hao hawakutendewa haki. Mimi naona hukumu ya 2006 ilikuwa na kosa kubwa, maana Katiba haipaswi kusubiri halmashauri. Lakini ndani yake mna njia ambayo hatujaitumia. Sheria yetu inaipa halmashauri ya wilaya nafasi ya kutamka mila za eneo lake zikoje na kupendekeza zibadilishwe. Diwani naye ni mtunga sheria. Anakaa kata ileile na mjane, anahudhuria misiba ileile, na kura zilizomweka ni chache kuliko za mbunge. Kama tunashindwa kumshawishi diwani, sijui tunakwenda kumwambia nini waziri.

Lipo na swali la kama sheria hubadilisha chochote. Takwimu za afya na demografia zinaonyesha kwamba kati ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 20 hadi 24, walioolewa kabla ya kutimiza 18 walikuwa asilimia 37 mwaka 2010 na asilimia 31 katika utafiti wa 2015/16. Kushuka huko kulitokea kabla ya hukumu, na ni halali kudai kwamba shule imefanya kazi kuliko mahakama. Bunge lenyewe mwaka 2016 lilirekebisha Sheria ya Elimu na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi. Angalieni lakini kifungu hicho kinamlinda nani. Kinamlinda mwanafunzi. Binti aliyemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa, au aliyeondolewa shule na baba yake, yuko nje ya kifungu na ndani ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Huyo ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wote, na hakuna sheria ya elimu itakayomfikia. Kwa ajili yake yeye, umri katika Sheria ya Ndoa ni jambo la lazima.

Na hapo ndipo kazi ya vikundi vya kata inapoanza, kwa sababu kuandika 18 mahali pa 15 ni nusu ya muswada tu. Sheria ya Ndoa inasema ndoa ya aliye chini ya umri ni batili. Je, binti aliyeolewa halali akiwa na miaka 16 kabla ya mabadiliko atabaki mke, au atajikuta hana ndoa, hana mgawo wa mali aliyoichuma na ana mtoto mgongoni? Lazima kiwepo kifungu cha mpito kinacholinda haki zake za mali na matunzo, na kinachompa yeye, si mume wala wazazi, uamuzi wa kuendelea au kuondoka. Umri utathibitishwa na nani, katika kata ambako watu wazima wengi hawana cheti cha kuzaliwa? Mfungisha ndoa asiyedai cheti atapata adhabu gani, na mtendaji wa kata aliyepokea taarifa akanyamaza je? Taarifa yenyewe itapelekwa ofisi ipi, na itajibiwa ndani ya siku ngapi? Maswali haya wanayajua wasaidizi wa kisheria wa Kahama na Tarime kuliko mtu yeyote aliye Dodoma. Wayaandike kwa Kiswahili, wayape namba za vifungu, wakusanye sahihi kata kwa kata, na wampelekee mbunge wao kabla ya kikao kijacho cha bajeti, huku nakala moja ikibaki kwa mwenyekiti wa kila kikundi ili siku ya mkutano wa hadhara mbunge aulizwe aliiwasilisha lini na kamati ilimjibu nini.